Marehemu Anatudai Jibu

Mtu akifia shambani huku kwetu Msalala, maneno mawili hufika msibani kabla ya jeneza. La kwanza husemwa kwa sauti, na mimi ni mmoja wa wanaotazamiwa kulitamka: Mungu amependa. La pili hunong'onwa nyuma ya nyumba, wanawake wakichambua mchele na vijana wakipasua kuni: kuna mkono wa mtu. Ukiyasikia utadhani yanapingana, kwa kuwa moja ni la kanisani na jingine ni la kwa mganga. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili huja kulifunga mdomo swali lililopaswa kuulizwa: kilichomuua mtu huyu ni nini, jana kilikuwa wapi, na kesho kitakuwa wapi?

Nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Sasa nalima pamba na mahindi, na mpunga kidogo mbugani, na ni katekista wa kigango chetu. Padri ana vigango vingi na barabara za masika humkatalia, kwa hiyo mazishi mengi huangukia mikononi mwangu. Ni mwanamke niliyekwisha kupita miaka sitini, na macho yangu ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Msukuma yeyote akisoma sentensi hiyo anajua kwa nini nimeiandika. Katika nchi hii, mabibi wenye macho mekundu wamekatwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani aliumwa na hapakuwa na aliyejua anaumwa nini. Kwa hiyo swali la ajali ya shambani kwangu ni la imani, na ni la shingo yangu pia.

Kutoka Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita, dhahabu na pamba hutoka katika udongo mmoja. Iko migodi mikubwa yenye uzio na walinzi: Bulyanhulu iko hapa Msalala, na ule wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya uzio na uzio tupo sisi wakulima na wapo wachimbaji wadogo, na mara nyingi sisi na wao ni watu walewale. Kijana anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, mwezi wa Agosti ndiye utakayemkuta akipanda pamba kati ya Novemba na Desemba. Rashi ikivuma kwamba mahali fulani mawe yana dhahabu, shamba hujaa maduara kabla mwezi haujaisha. Mwenye shamba hupewa mgao wake wa mifuko ya mawe. Mawe yakikata, wanaapolo, yaani hao wachimbaji wadogo, huhamia rashi nyingine, na matimba yaliyoshikilia kuta za shimo huchomolewa yakatumike huko waendako. Shimo linabaki. Masika moja hulipanua mdomo, masika mengine huliotesha majani, na baada ya hapo anayelijua ni mwenyeji tu.

Shimo la namna hiyo ndilo lililomchukua mvulana wa darasa la sita katika kitongoji chetu, mwezi wa Februari, pamba ikiwa imefika magotini. Alikuwa akifukuza mbuzi wasiingie kwenye pamba ya baba yake. Akakatiza shamba la jirani, mahali ambapo majani yalifanana na majani mengine. Tulimtoa jioni kwa kamba za kufungia ng'ombe, akiwa amekwisha kukata roho. Msibani nilisikia kwamba Mungu amependa. Nyuma ya nyumba nikasikia jina la bibi mmoja aliyewahi kugombana na mama wa mtoto kisimani. Sikumsikia mtu akilitaja shimo, ingawa wengi waliokuja walilazimika kulizunguka ndipo wafike. Mwenye shamba lile alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Biblia haikulisahau shimo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mara tu baada ya Amri Kumi, imo sheria ya mtu aliyefungua shimo, au aliyechimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo. Mwenye shimo atalipa. Sheria hiyo imeandikwa kwa macho ya mkulima. Inamtaja aliyechimba na inamtaja aliyefungua, kwa hiyo haponi anayesema kwamba si yeye aliyeanza. Haiulizi kama alimchukia mwenye ng'ombe, wala kama alikusudia. Inauliza kama alifunika. Mistari michache kabla ya hapo imo sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Akiwa na tabia hiyo, na mwenyewe akaonywa lakini hakumzuia, hatia inamrudia mwenye ng'ombe. Hatia inapimwa kwa kile mtu alichokijua. Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna, yapata mwaka 200, waliifungua sehemu iitwayo Bava Kamma kwa kutaja vyanzo vikuu vinne vya madhara, na miongoni mwake mna ng'ombe, shimo na moto. Ungedhani walipita Msalala wakati tunachoma mabua ya pamba. Na Musa, aliyejua vizuri kwamba uhai na mauti viko mkononi mwa Mungu, hakuandika kwamba punda wa watu alikufa kwa kuwa siku yake ilikuwa imefika.

Matanga yalipokwisha nilimwendea mwenye shamba. Alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mimi ni muuaji?"

"Hapana, baba. Muuaji hutaka mtu afe. Wewe hukutaka."

"Basi kosa langu ni lipi, ikiwa Mungu ndiye aliyepanga?"

"Ikiwa Mungu ndiye aliyepanga, ile miiba uliyoweka upande wa njia ya ng'ombe wako ilikuwa ya nini?"

Hakujibu. Alikuwa ameziba kwa matawi ya mgunga upande mmoja tu wa shimo, ule ambao ng'ombe wake hupita wakienda kunywa maji. Hatari alikuwa ameiona, tena ameipima vizuri, na akaizuia pale ilipoigusa mali yake. Nilipoondoka sikuwa na hasira naye. Wengi wetu tuna miiba yetu upande mmoja wa shimo.

Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, na mtu wa dini akilikwepa amewaacha watu gizani. Kama hakuna linalotokea nje ya mapenzi ya Mungu, shimo lina nafasi gani? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu kupitia visababu vya kati. Hafanyi hivyo kwa kupungukiwa uwezo. Hufanya hivyo kwa wingi wa wema wake, ili viumbe navyo vipewe heshima ya kuwa chanzo cha jambo. Mimi nalielewa fundisho hilo kwa kilimo chetu. Hakuna mkulima wa Msalala anayekaa barazani Novemba nzima akisema kwamba Mungu akipenda pamba itaota yenyewe. Anafunga maksai kwenye plau, analima, anapanda, anapalilia, na akivuna anatoa shukrani kanisani bila kuona kwamba jasho lake limempunguzia Mungu sifa. Katika kuvuna tunajua kwamba mikono yetu imo ndani ya mpango wa Mungu. Ni katika kufa tu ndipo tunajifanya hatuna mikono.

Ndiyo maana nasema kwamba kumbebesha Mungu shimo lililochimbwa na watu ni kulitaja jina lake bure, na kumbebesha bibi wa jirani ni kushuhudia uongo. Amri ya pili na amri ya nane huvunjwa katika msiba mmoja, na waliozivunja hurudi majumbani wakijiona wacha Mungu.

Najua kwamba swali la moyoni mwa mfiwa haliishii kwenye udongo na matimba. Mwaka 1937 Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande, ambao nchi yao iko mpakani mwa Sudan ya wakati ule na Kongo. Anaeleza habari ya ghala la nafaka. Watu hukaa chini yake kukwepa jua, mchwa wamekwisha kula nguzo, ghala linaanguka na watu wanaumia. Wazande walijua habari ya mchwa kama tunavyoijua sisi. Walichotaka kujua ni kwa nini ghala liliwaangukia watu hawa, saa hiihii, na jibu lao lilikuwa uchawi. Msukuma hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Mama wa yule mvulana hakuniuliza kina cha shimo; aliniuliza kwa nini wake. Silidharau swali lake hata siku moja. Ninachosema ni kwamba mchwa hawaondoki kwenye nguzo kwa sababu mchawi amepatikana.

Yesu naye alikutana na swali hilo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, yeye mwenyewe anaikumbusha habari ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Anauliza kama hao walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu kwamba sivyo. Hasemi kwa nini ni wale 18. Hamtaji mchawi, wala hasemi siku yao ilikuwa imefika. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu, wasije wakaangamia vilevile. Nami huongeza ninapofundisha jumuiya: toba ina mikono. Mwenye mnara hutubu kwa kuujenga vizuri, na mwenye shimo hutubu kwa kulifukia.

Kahama tuna Siloamu yetu, na tuna muujiza wetu, na vyote viwili ni vya mwaka 2015. Mwezi wa Aprili, mashimo ya Kalole yaliporomoka wakati wa mvua na watu 19 wakafa. Mwezi wa Oktoba mgodi wa Nyangalata ukawafukia wachimbaji, na katikati ya Novemba watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, walikokula mende, vyura na mizizi ya miti. Nilimshukuru Mungu kwa machozi siku ile. Lakini tangu siku hiyo nimewasikia vijana wakisema kwamba Mungu akitaka upone utapona tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuweka matimba mapya. Anayesema hivyo aniambie: je, Mungu aliwapenda watano wa Nyangalata kuliko 19 wa Kalole? Na mjane wa Kalole tumwambieje? Ibilisi alipompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, alimtaka ajirushe kwa kuwa malaika wangemdaka. Yesu alikataa, naye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuwategemea malaika. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kiislamu, aliponisikia nikilisema hilo alinikumbusha hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi. Mtu alimuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tulikubaliana mara moja, mzee yule na mimi.

Shimo angalau lina mdomo. Hatari nyingine za shambani hazina. Kati ya Januari na Machi, funza wa vitumba na vidukari wanapoikabili pamba, vijana wetu hupiga dawa kwa malipo ya bomba kwa bomba. Bomba la mgongoni huvuja, jua ni kali, kijana anavua shati. Baadhi ya dawa hizi ni za jamii ya organofosfati. Mwili una kimeng'enya kinachozima amri za mishipa ya fahamu baada ya misuli kuitika, na sumu hizo hukizuia kisifanye kazi. Amri hazizimiki tena: mate yanatoka, jasho linamwagika, mboni za macho zinasinyaa, tumbo linakata, misuli inachezacheza, na mwisho pumzi inashindwa. Wala kijana hahitaji kuzinywa, maana hupita kwenye ngozi. Saa ya hatari kuu ni ile ya kuchanganya, dawa ikiwa bado nzito haijakutana na maji. Kwenye lebo kuna mstari wa rangi unaosema ukali wake: mwekundu ni kwa sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha wa bluu, kisha wa kijani. Mwanafunzi wa darasa la pili anaweza kufundishwa rangi hizo asubuhi moja.

Lakini nimemwona kijana akitokwa na povu katikati ya matuta, na watu wakambeba kumpeleka kwa mganga, kwa sababu kutetemeka kule kulionekana ni kwa mtu aliyetupiwa kitu. Atropini, dawa inayopambana na sumu hiyo, inapatikana hospitali. Kila dakika anayopoteza kwa mganga akitafutiwa adui ni dakika ya uhai wake. Hapo jibu la uongo halisubiri kuleta madhara siku nyingine, linaua palepale.

Na hapo ndipo linapofika neno la tatu, ambalo huja matanga yakiisha, wakati aibu imepungua: alijitakia, mzembe yule. Neno hili linaumiza zaidi kwa sababu limevaa nguo za elimu. Wapo wataalamu wanaolisema, na wapo wanaodhani kwamba hiyo ndiyo maana ya kutambua hatari. Mimi nauliza: bomba linalovuja lilikuwa la nani? Nani aliyemuuzia dawa iliyopunguzwa kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo wala rangi? Nani aliyepanga malipo ambayo kijana hawezi kula asipopiga dawa hata upepo ukimrudishia usoni? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, lakini vijana wengi wa bomba hawajawahi hata kuitwa wafanyakazi. Kumlaumu marehemu ni ushahidi wa uongo kama ule mwingine, ila ni rahisi zaidi, kwa kuwa marehemu hawezi kusimama kujitetea.

Zebaki nayo ina subira kuliko shimo na kuliko dawa. Wachimbaji huitumia kuikamata dhahabu, kisha huichoma ili ipotee ibaki dhahabu, na baadhi huichomea kwenye jiko lilelile la ugali, mama mjamzito akiwa pembeni. Rwamgasa, huko Geita, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maji ya kuoshea marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, hayajui mpaka wa jaruba la mpunga. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, waliopooza na kutetemeka walitengwa na majirani wakidhaniwa wana maradhi ya kuambukiza, kumbe kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki katika ghuba walikovua samaki. Mkataba wa dunia dhidi ya zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Wajapani hawakuwa na bibi wa macho mekundu, lakini walipokosa chanzo nao waliwageukia wanyonge wao.

Na hayo macho mekundu yenyewe yana chanzo. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka vichaka na miti ya Shinyanga ili kuwaondoa mbung'o, wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Hatari ile ilikuwa ya kweli. Lakini miti ilipokwisha, na pamba na mifugo ikaongezeka, kuni ziliadimika. Mama zetu wakapikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, katika majiko yasiyo na dirisha. Moshi ukakaa machoni mwao miaka kwa miaka, na macho hayo yakafanywa ushahidi wa uchawi. Dawa ya hatari moja, ikitolewa bila kutazama mbele, ilizaa hatari ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 uliturudisha kwenye ngitili, desturi ya wazee wetu ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, na miti ikaanza kurudi. Anayetunza ngitili anadhani anatunza majani ya ng'ombe. Anatunza na maisha ya bibi.

Wako wanaoniambia kwamba tahadhari hizi ni mambo ya wazungu na ya semina. Hao wamewasahau Bayeye. Chama cha Bayeye cha Kisukuma kilikuwa shule ya nyoka. Mwanachama alifundishwa nyoka mmoja mmoja, tabia yake, mahali anapolala, na dawa za kutibu sumu yake. Watu wale waliamini mizimu na waliamini Mungu, Liwelelo au Seba kama walivyomwita, lakini hawakumwambia mpalizi kwamba kifutu humuuma yule tu ambaye siku yake imefika. Walimwambia atazame anapoweka mguu. Elimu ya hatari ni urithi wetu, na ndani yake hapakuwa na ukosefu wa imani.

Yako mapingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni la wafiwa wenyewe: kwamba maneno ya kumkabidhi Mungu ndiyo fimbo pekee waliyo nayo usiku ule. Ni kweli, na sitamnyang'anya mtu fimbo yake. Kaburini husema kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu, kwa sababu naamini hivyo. Hilo ni tofauti na kusema kwamba Mungu ndiye aliyemsukuma. Na yako mauti ambayo kweli hayana mwenye shimo. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, na ukanda huu wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mbele ya msiba kama huo nanyamaza na kulia na wenzangu, na yeyote anayetafuta mtu wa kumchoma moto kwa ajili ya radi namwambia aketi chini. Lakini hata radi haijatunyima kazi. Wingu likinguruma, mpalizi aache jembe, atoke chini ya mti uliosimama peke yake, akimbilie nyumba imara kama ipo karibu. Majengo ya watoto yawekewe vikinga radi. Baada ya hapo ndipo tunaposema kwamba yaliyobaki ni ya Mungu.

La pili ni la umaskini. Glavu ni pesa, buti ni pesa, na barakoa ya kufaa ni pesa zaidi. Sina jibu la kumfurahisha mtu hapo, ila nayatenga mambo kwa haki. Yapo ambayo hayagharimu hata shilingi: kupiga dawa asubuhi na upepo ukiwa mgongoni, kutozibua nozeli kwa mdomo, kuoga kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto, kutoboa chupa tupu zisiwe za maziwa, kufunga shimo kwa miiba pande zote. Haya ni ya kila mmoja wetu. Na yapo yanayogharimu, nayo ni ya mwenye kupata zaidi: anayenunua pamba, anayeuza dawa, mwenye leseni ya uchimbaji, mwenye shamba aliyepokea mgao wa mifuko. Sheria ya Musa haikumdai fidia mwenye punda. Ilimdai mwenye shimo.

Uwezo wa kusimama pamoja tunao, maana tumewahi kuutumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Kahama, Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, bila kungoja amri, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiibwa na roho za watu zikipotea. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, mtu aliyebaki kitandani alitozwa faini. Sungusungu ilikuwa na makosa yake, na mabibi waliyaonja. Lakini kama tuliweza kutoka usiku kwa ajili ya ng'ombe mmoja, tunaweza kutoka mchana na majembe kwa ajili ya shimo moja. Lile lililomchukua mvulana wetu lilifukiwa hivyo, na mwenye shamba ndiye aliyetangulia na mkokoteni wa kifusi.

Wanajumuiya, wazee wa vitongoji, mashehe na wachungaji wenzangu, nina ombi moja kwenu. Tunapomaliza matanga kuna kikao, na katika kikao hicho mwenye kumdai marehemu husimama akasema, na anayedaiwa na marehemu husimama akakiri. Tuongeze deni moja katika daftari hilo. Marehemu aliyefia shambani anatudai jibu: ni nini kilichomuua, nani alikiona kabla yake, na nani atakiondoa kabla ya Jumapili ijayo. Majibu yaandikwe, majina yatajwe, kazi igawanywe palepale, na bibi yeyote aliyetajwa nyuma ya nyumba asafishwe mbele ya wote. Msiba usiwe umekwisha mpaka deni hilo liwe limelipwa.